Daraja Jipya Hupangwaje? Somo kwa Wakazi wa Kata

Kila masika, mito mingi ya Tanzania huligeuza suala la daraja kuwa suala la uhai. Mto ukifurika, mama mjamzito hushindwa kufika hospitalini, mazao huoza ng'ambo moja huku wanunuzi wakiyasubiri ng'ambo ya pili, na wanafunzi hukosa masomo. Ndiyo maana ombi la daraja husikika katika mikutano mingi ya vijiji. Hata hivyo, tangu siku ya ombi hadi siku ambayo gari la kwanza linavuka, ipo safari ndefu ya mipango. Mkazi anayeielewa safari hiyo huweza kuisaidia. Asiyeielewa hubaki kulalamika pasipo kujua amlalamikie nani.

Barabara ni ya nani?

Swali la kwanza si urefu wa daraja bali ni mamlaka inayoimiliki barabara. Barabara kuu na barabara za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, zikiwamo zile zinazounganisha vijiji na kata, husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Ombi lililopelekwa kwa wakala asiyehusika huchelewa bure, hata kama hoja yake ni nzito.

Zipo pia barabara zinazovuka mipaka ya wilaya. Daraja la mpakani haliwezi kupangwa na halmashauri moja peke yake, kwa kuwa faida yake hutegemea barabara za pande zote mbili. Mambo ya namna hiyo hujadiliwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambamo mkuu wa mkoa, wabunge na viongozi wa halmashauri hukutana na wataalamu.

Kuhesabu wanaopita na wasiopita

Wataalamu huanza kwa kuhesabu vyombo vinavyopita: malori, mabasi, magari madogo, bajaji, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu. Hesabu hufanywa kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu siku ya gulio haifanani na siku ya kawaida, wala mwezi wa mavuno haufanani na mwezi wa kulima.

Baada ya hapo hukadiriwa ongezeko la miaka ijayo. Tuseme barabara inapitisha magari 200 kwa siku, nayo yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Baada ya miaka 14 hivi yatakuwa yamekaribia 400. Daraja hujengwa litumike kwa vizazi, hivyo likipimwa kwa magari ya leo tu, litakuwa limepitwa na wakati kabla ya mtoto aliyezaliwa mwaka wa uzinduzi kumaliza sekondari.

Mto Wami unatoa mfano ulio wazi. Daraja la zamani katika barabara ya Chalinze kwenda Segera lilijengwa mwaka 1959, likiwa na njia moja tu ya magari. Miongo ilipopita, njia hiyo ikawa tegemeo la mabasi na malori yanayokwenda Tanga, Kilimanjaro na Arusha. Gari la upande mmoja likivuka, la upande wa pili lilisimama, na miteremko ya kuingilia darajani ilizidisha hatari. Jawabu likawa daraja jipya lenye urefu wa mita 513.5 na njia mbili.

Lakini hesabu ya wanaopita haitoshi. Mahali penye kivuko au mtumbwi, wengi hawasafiri kabisa kwa sababu ya hofu, nauli au kusubiri. Katika Mto Kilombero, wananchi wa Ifakara na wenzao wa Ulanga na Malinyi walitegemea kivuko kwa miaka mingi. Mwezi Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 halikuwaondolea adha wale waliokuwa wakipanda kivuko tu. Liliwafungulia njia pia wale waliokuwa wakibaki nyumbani. Mpangaji makini huwahesabu hao waliobaki nyumbani.

Mto nao una hesabu zake

Mhandisi hupima kina cha mto, kasi ya maji, aina ya udongo na alama za mafuriko yaliyopita. Kisha huchagua kiwango cha mafuriko ambacho daraja litastahimili. Huitwa, kwa mfano, mafuriko ya miaka 100. Jina hilo huwapotosha wengi wakadhani kwamba yakishatokea hayatarudi hadi karne ipite. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko ya ukubwa huo au zaidi. Katika kipindi cha miaka 50, uwezekano wa kuyapata walau mara moja hufikia karibu 4 kati ya 10.

Urefu wa daraja nao si wa mapambo. Uwazi ukiwa mfinyu, tuta la barabara huwa kama bwawa: maji hujikusanya upande wa juu, hufurika mashambani, na yanapopenya kwa kasi huchimba udongo chini ya nguzo. Madaraja mengi huanguka kwa kuchimbwa misingi, hali zege lake bado ni zima. Sakafu ya daraja pia huinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko, ili magogo yanayosombwa na maji yapite bila kuligonga.

Daraja halisimami peke yake

Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lenye urefu unaokaribia kilomita 1, lilizinduliwa mwaka 2003 na kuiunganisha mikoa ya kusini na Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo katika sehemu kadhaa, ikiwamo eneo la Somanga wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama. Daraja kubwa lilikuwapo, lakini njia ilifungwa na vijito.

Funzo lake ni kwamba usalama wa safari hupimwa kwa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Fedha zote zikielekezwa kwenye daraja moja, huku makalavati ya njiani yakiwa yameziba au ni madogo, mwananchi atalifikia daraja siku za kiangazi tu. Kwa vijito, si lazima kusubiri zege na nondo. TARURA imejenga madaraja ya mawe ya upinde katika maeneo mbalimbali, yakiwamo ya mkoa wa Kigoma, kwa gharama nafuu na kwa kutumia mawe na mafundi wa hukohuko.

Ardhi na fidia

Mahali panapofaa kwa daraja si lazima pawe pale watu walipozoea kuvukia. Huchaguliwa sehemu ambapo mto umenyooka, kingo ni imara na barabara inaweza kufika bila kona kali. Uchaguzi huo huweza kugusa shamba au nyumba ya mtu. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ardhi inayomilikiwa kihalali nje ya hifadhi hiyo ikitwaliwa, Sheria ya Ardhi inamtaka mmiliki alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa hiyo ni busara mkazi kutunza nyaraka zake na kuwapo wakati wa uthamini.

Nafasi ya mkazi

Vipo vitu ambavyo mtaalamu hawezi kuvipata bila wenyeji. Wazee wanajua maji yalifika kwenye mti upi katika mafuriko makubwa. Wafugaji wanajua mifugo huvukia wapi. Walimu wanajua wanafunzi wangapi hutoka ng'ambo, na wahudumu wa zahanati wanajua wagonjwa wanaochelewa. Taarifa hizo zikiandikwa katika muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa, zikapita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufikishwa kwenye Baraza la Madiwani, ombi huwa na uzito kuliko malalamiko matupu.

Daraja likishajengwa, ulinzi wake huanzia kijijini. Kuchimba mchanga karibu na nguzo huharakisha kuanguka kwake. Kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kunakatazwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwani udongo unaomomonyoka huziba mkondo na makalavati. Kung'oa vyuma vya kingo huwaacha wavukaji bila kinga usiku. Anayeona ufa mpya, tuta linalomeguka au magogo yaliyonasa kwenye nguzo, atoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, kabla mvua hazijaanza.