Idadi ya Watu Inapobadilika: Somo kwa Kila Mkaazi wa Kilifi

Mnamo Novemba 15, 2022, Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa dunia imefikisha watu bilioni 8. Huenda hesabu hiyo ikaonekana kuwa mbali na mkaazi wa Ganze au Rabai. Hata hivyo, idadi ya watu wa mahali popote hubadilishwa na mambo matatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Yote matatu yamo katika kila kijiji cha kaunti hii, na ndiyo yanayoamua mahitaji ya madarasa, dawa na maji.

Uzazi unapungua, watu wanaongezeka

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wastani huo umeshuka hadi watoto 3.4. Pamoja na hayo, Wakenya waliongezeka kutoka milioni 10.9 mwaka 1969 hadi milioni 47.6 mwaka 2019.

Inawezekanaje? Chukua mfano wa nyanya aliyezaa watoto 8, wanne kati yao wakiwa wasichana. Kila msichana akizaa watoto watatu pekee, wajukuu upande huo watakuwa 12. Kila mama amezaa wachache kuliko nyanya, lakini kina mama ni wengi zaidi. Tena, watoto wengi zaidi siku hizi wanapata chanjo na matibabu, hivyo wanaishi hadi utu uzima.

Kwingineko mambo ni kinyume. Korea Kusini ilirekodi wastani wa mtoto 0.72 kwa kila mwanamke mwaka 2023. Nchini Japani, zaidi ya robo ya watu wana umri wa miaka 65 na zaidi, na idadi ya watu inapungua kila mwaka. Nchi za aina hiyo zina viwanda na hospitali, lakini vijana wa kufanya kazi ni haba.

Kwa nini watu wanahama

Hapo ndipo uhamiaji unapoanzia. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walizozaliwa mwaka 2024. Mwezi Septemba mwaka huo, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kuwawezesha Wakenya wenye ujuzi kufanya kazi huko. Wakenya wengine wako Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba. Fedha walizotuma nyumbani mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5.

Hata hivyo, wanaovuka mipaka ni chini ya watu 4 katika kila 100 duniani. Wengi huhama ndani ya nchi zao, hasa kutoka mashambani kwenda mijini.

Hali ilivyo Kilifi

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 1,109,735 katika Kaunti ya Kilifi. Kufikia 2019, walikuwa 1,453,787. Hilo ni ongezeko la asilimia 31, ilhali ongezeko la nchi nzima lilikuwa takriban asilimia 23. Miji kama Mtwapa na Mariakani, iliyo karibu na Mombasa, hupokea watu wanaotafuta kazi na nyumba za bei nafuu. Wakija, huhitaji maji, shule na mahali pa kutupa taka.

Upande wa pili, kijana anapoondoka kijijini, mara nyingi wanaobaki ni wazee na wajukuu. Fedha zinazotumwa kwa simu husaidia kulipa karo na kununua unga, lakini haziwezi kumshika mzee mkono hadi zahanati. Kwa hivyo, mahitaji ya mji na ya kijiji hayawezi kupangwa kwa kipimo kimoja.

Kuhesabiwa ni haki na wajibu

Fedha za kaunti kutoka serikali kuu hugawanywa kwa fomula inayopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuidhinishwa na Seneti. Katika fomula ya kwanza, idadi ya watu ilibeba asilimia 45 ya uzito wote. Asiyehesabiwa hupunguza fungu la jirani zake pia.

Kila mkaazi anaweza kuchangia kwa njia hizi:

• Andikisha mtoto ndani ya miezi 6 baada ya kuzaliwa. Aliyejifungulia nyumbani amwarifu naibu wa chifu. Vifo pia viandikishwe.

• Hudhuria vikao vya maoni ya umma katika wadi yako, ueleze ni kina nani wamehamia, wameondoka au wamebaki bila mtunzaji.

• Kabla ya kwenda kufanya kazi ng'ambo, thibitisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba wakala ana leseni. Wachie jamaa nakala ya mkataba wako.

• Shirikiana na makarani wakati wa sensa. Mwaka 2019, kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku wa Agosti 24. Sensa hufanywa kila baada ya miaka 10.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Watu nao ni mali ya kaunti, na daftari lao huanza na jina la mtoto mmoja.