SOMO LA KITALU: MAJI YALIYOSAFISHWA NA KIPIMO CHA pH



Katika toleo hili tunapenda kujifunza jambo moja linalozisumbua kamati zenye mtambo wa kusafisha maji na kitalu cha miche katika eneo moja. Maji yakishasafishwa, tufanye nini na pH yake tunapomwagilia?

Tuanze na sababu ya kuyasafisha. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, chemchemi na visima vingi vina madini ya floraidi yatokayo katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Yakizidi sana, meno ya watoto hubadilika rangi, na mifupa yaweza kuharibika. Mara nyingi maji hayo huwa pia na magadi, hivyo pH yake huwa juu. Mtambo wa kuchuja kwa utando huondoa sehemu kubwa ya vyote viwili.

pH ni kipimo cha uchachu. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni hali ya magadi. Kila hatua moja ni mara kumi: maji ya pH 5 yana uchachu mara kumi ya maji ya pH 6. Mboga nyingi hustawi katika udongo wa pH kati ya 5.5 na 7.

Sasa tuchukue mfano. Kamati inapima maji yaliyosafishwa na kukuta pH 5.6. Wajumbe wanashtuka: “Mtambo unatoa tindikali!” Basi wanatia majivu katika tangi kila asubuhi. Baada ya wiki chache majani machanga ya nyanya yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Miche imekosa madini ya chuma, si kwa kuwa hayamo katika udongo, bali kwa kuwa pH imepanda na mizizi haiwezi kuyafyonza. Lawama zinauangukia mtambo, na fedha za wafadhili zinaonekana zimepotea bure.

Kosa liko wapi? Maji safi yakikaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kuwa na uchachu kidogo. Hilo ni jambo la kawaida, wala halidhuru mmea. Maji hayo hayana nguvu ya kuhimili mabadiliko, kwa sababu yale madini ya jamii ya magadi yaliyokuwa yakiyakinga yameondolewa. Kiasi kidogo cha majivu huyapandisha sana. Kiasi kidogo cha limau huyashusha sana.

Jaribuni wenyewe. Tieni matone matano ya maji ya limau katika lita moja ya maji ya kisima yenye magadi, na matano katika lita moja ya maji yaliyosafishwa. Pimeni kwa karatasi za pH. Ya kisima hayatabadilika sana. Yaliyosafishwa yatashuka mara moja.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Msirekebishe pH ya maji matupu. Udongo na samadi iliyooza vizuri vina nguvu ya kuituliza. Pimeni udongo wa viriba, si tangi peke yake.

2. Mkitumia mbolea ya maji, tangulizeni mbolea, koroga, ngojeni kidogo, ndipo mpime. Mbolea yenyewe hubadilisha pH. Kwa miche isiyo katika udongo, lengo ni 5.5 hadi 6.5. Rekebisheni tone kwa tone.

3. Kumbukeni kuwa mtambo umeondoa pia chokaa na magnesi ambazo mmea huzihitaji. Mbolea au samadi izirudishe.

4. Msimwagilie miche maji ya taka ya mtambo. Ikiwa mtambo hugawa maji nusu kwa nusu, chumvi katika taka hukaribia kuwa mara mbili ya zile za kisimani.

5. Vuneni maji ya mvua kwa ajili ya kitalu. Nayo hayana chumvi nyingi, na hayahitaji mtambo. Kila ndoo ya mvua inayokwenda kwenye miche huacha ndoo moja ya maji yaliyosafishwa kwa mtoto wa kunywa.

Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa. Kabla ya kununua dawa za kurekebisha pH, kamati ijiulize kama maji haya ya gharama yalipaswa kufika kitaluni.

Maswali ya kujadili: Kitalu chetu kinatumia ndoo ngapi kwa siku? Paa la jengo letu lina mfereji wa mvua? Nani atapima udongo na kuandika katika daftari kila wiki?