Somo la Kikundi: Wanunuzi Wakipatana Bei



Tuseme umepeleka mikungu 10 ya ndizi soko la Daraja Mbili, Kisii. Broka wa kwanza anataja bei ya chini. Wa pili na wa tatu wanataja hiyo hiyo. Kumbe walikutana asubuhi wakapatana! Ndizi haingoji, basi unauza na kurudi nyumbani ukinung'unika.

Wengi husema, “Biashara ndiyo hivyo.” Sivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kupatana bei, iwe ya kuuza au ya kununua, au kugawana masoko. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Msimamizi ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Agosti 2023 ilitangaza faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kampuni 9 za chuma zilizopanga bei pamoja.

Lakini angalieni: bei kufanana peke yake si kosa. Kosa ni mapatano. Kwa hiyo andikeni tarehe, bei na maneno mliyosikia, ndipo mpeleke malalamiko kwa Mamlaka.

Nasi pia sheria yatuhusu. Vikundi vya Kisii na Nyamira vikitaka kupanga bei pamoja, viulize Mamlaka kwanza. Sheria inaruhusu kuomba idhini ya pekee.

Jadilianeni:
1. Katika soko letu nani hupanga bei? Tumejuaje?
2. Nani ataweka daftari?