Shujaa wa Hadithi ya Mapenzi: Apendwaye ni Yupi?

Makala haya yalianzia kwenye aibu, kwa hivyo naomba nianze na aibu yenyewe.

Mwaka jana mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike hadithi fupi ya mapenzi, kisha zisomwe mbele ya wanachama. Mimi nikaona nimepata mteremko. Nilikaa usiku mmoja tu, nikamwumba kijana nikamwita Sudi. Alikuwa mrefu, maji ya kunde, meno meupe pe, kavaa miwani ya jua na anaendesha gari jekundu kwenye ile barabara ya hoteli za Diani. Akamwona Mwanasiti anatoka kisimani, akampenda papo hapo. Mwanasiti akasema hataki. Sudi akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Akamngoja nje ya lango la shule, akamfuata hadi dukani, akamwandikia barua kumi na tatu. Mwishowe Mwanasiti akalegea, wakaoana, na ngoma zikalia siku saba.

Nilipomaliza wavulana walipiga makofi. Wasichana walinyamaza kimya. Kisha dada mmoja wa kidato cha nne akanyosha mkono, akasema kwa upole tu: "Kaka, mtu kama huyo akinisimamia langoni siku tatu, mimi namwambia mjomba."

Darasa zima liliangua kicheko, hata mwalimu hakujizuia. Nami nilicheka, lakini cha uongo. Tulipotoka nilimfuata yule dada (kwa heshima, msinielewe vibaya) nikamwuliza kosa la Sudi ni lipi, mbona ana mapenzi ya kweli. Akaniambia Sudi anamjua kwa uso. Ila Sudi wa njia yao hana gari, ana pikipiki. Ana rafiki yake ambaye alikuwa akikataa kupakiwa, akikataa, mpaka siku moja jua likawa kali na njia ni ndefu, akapanda. Sasa yuko nyumbani analea mtoto, na Sudi haonekani. "Wewe umeandika hadithi yake," akasema, "ila mwisho umeweka harusi."

Sikulala vizuri siku ile. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila hadithi ya mapenzi niliyoipata, nikitafuta jibu la swali moja: ni nini hasa kinachomfanya msomaji ampende shujaa?

Nilianzia kwenye vitabu vya shangazi. Shangazi yangu kazi yake ni kutandika vyumba katika hoteli moja huko Diani, na wageni wakirudi kwao huacha vitabu ambavyo hakuna anayevidai. Vingi ni vya kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908. Mwanamume wa humo aghalabu ni tajiri, mkali, maneno yake ya kuhesabu. Humliza mwanamke kurasa mia moja na hamsini, halafu katika ukurasa wa mwisho inajulikana kuwa alimpenda tangu mwanzo. Nakiri kwamba Sudi nilimtoa humo. Lakini mbona basi shangazi na wenzake wanampenda? Nadhani ni kwa sababu msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwisho utakuwa mwema. Ukali wa kitabuni haumwumizi mtu. Njia ya kutoka Ukunda kwenda kwenu haina ukurasa wa mwisho uliokwisha kupigwa chapa.

Miongoni mwa vitabu hivyo mlikuwa na kimoja kikuukuu, "Pride and Prejudice" cha Jane Austen, kilichotoka mwaka 1813. Mashujaa wengi wa aina hii hufananishwa na Darcy, bwana wa humo mwenye kiburi na mali. Watu hukumbuka kiburi, wakasahau kwamba Elizabeth alimkataa waziwazi, naye akaondoka! Alimpa barua moja ya kueleza mambo yaliyomhusu, akaenda zake. Baadaye mdogo wa Elizabeth alipotoroka na mwanamume mlaghai, Darcy alilipa fedha zake ili wawili hao waoane na familia isiaibike, na akataka Elizabeth asijue. Alipokuja kuposa mara ya pili alimwambia kwamba kama bado hamtaki, basi hatalitaja jambo hilo tena. Barua moja, ndugu zangu. Sudi wangu kumi na tatu.

Sasa turudi kwetu. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar alituandikia riwaya mbili ambazo ukizisoma mfululizo, mwalimu hahitaji kukueleza zaidi. Katika "Kiu" ya mwaka 1972 yumo Idi, kijana mwenye sura na ulimi mtamu, na Bahati, msichana maskini anayemwamini. Ukikutana na Idi mara ya kwanza unampenda, wallahi mimi nilimpenda. Ana kila kitu ambacho nilimpa Sudi. Na huyo huyo ndiye anayemwangamiza Bahati baada ya kumwoa, kwa ulevi na wanawake.

Katika "Nyota ya Rehema" ya mwaka 1976 yumo Sulubu, naye hana lolote la kumtia mtu macho. Ni maskini wa shamba. Rehema, binti aliyetupwa na baba yake Fuad, anatoroka nyumbani na kujikuta mikononi mwa mtu huyu asiyemjua. Kama Sulubu angetaka kumdhuru, nani angemzuia? Yeye anamhifadhi, basi. Baadaye Rehema anapita katika maisha mazito ya mjini, na akichoka na mji ni kwa Sulubu anakorudi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikamfikiria Sudi amesimama langoni. Sulubu alikuwa na nafasi akaiacha. Sudi hakuwa na nafasi, akawa anaitafuta kwa nguvu.

Mzee mmoja wa hapa Msambweni nilimsimulia haya, akacheka. Akaniambia kwamba vitabu vya kizungu humsahau mjomba. Sisi Wadigo zamani mtoto alihesabiwa ukoo kwa mama, na kauli ya mjomba ilikuwa nzito. Kijana aliyependa alituma mshenga, na mshenga akirudi na jibu la hapana, mtaa mzima ulijua. Yaani aliyehatarisha jina lake alikuwa yule kijana. Nikaona kosa langu lilipo. Sudi akisimama langoni miezi miwili hapotezi kitu, atacheka na wenzake. Anayesemwa ni Mwanasiti. Anayeulizwa nyumbani "yule nani?" ni Mwanasiti. Nilikuwa nimeandika mapenzi ambayo gharama yake yote inamwangukia msichana, na sifa zote zinakwenda kwa mvulana.

Ila mzee naye simwachii ushindi wote. Katika "Vuta n'kuvute" ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, Yasmin anaozwa kwa Raza, mwanamume mzee asiyemtaka, na wakubwa wote wamekubali. Jamaa wakiridhia haina maana kwamba mwenyewe karidhia. Yasmin anatoroka, na baadaye anampenda Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza huko Unguja. Amil Shivji aliitengenezea riwaya hiyo filamu mwaka 2021. Tulipopiga kura chamani, wasichana wengi walimchagua Denge kuwa shujaa bora. Mimi Denge ananichosha kidogo, leo yuko, kesho anasakwa na polisi. Lakini wao walinijibu kwamba Denge ana kazi yake duniani, hamfanyi Yasmin kuwa kazi yake. Nilinyamaza, kwa maana Sudi, nikimchunguza, hana kazi yoyote. Hata hilo gari sijui alilipata wapi.

Basi hadithi nimeiandika upya. Sudi sasa ni mvuvi wa Gazi. Gari sikumwachia. Kusi imevuma, bahari imechafuka, na Mwanasiti amemwambia hataki. Sudi amesema "haya", akaenda zake. Hapo kalamu ilinigomea wiki mbili nzima, maana sikuwahi kufikiri kijana hufanya nini akishakubali jibu. Mwishowe nikamkalisha chini ya mwembe anashona nyavu za baba yake.

Nilimpa yule dada asome. Alisoma mara mbili. "Huyu akituma mshenga mjomba atamsikiliza," akasema, "lakini Mwanasiti amalize mtihani kwanza."

Kwa hivyo nimewaacha hapo hapo. Sudi yuko kwenye nyavu, Mwanasiti anangoja matokeo.