Baiskeli Isiyokwenda: Kulirudisha Goti Nansio Baada ya Upasuaji

Utengamao wa goti lililopasuliwa una kazi tatu: kulinyoosha mpaka lilale sawasawa, kulikunja, na kuirudishia nguvu misuli ya mbele ya paja. Misuli hiyo husinyaa upesi mno, kwa kuwa goti lililovimba huizima hata pasipo maumivu makali. Ndiyo maana uvimbe hushughulikiwa mapema. Barafu haisumbui kupatikana Nansio, mji wa biashara ya sangara kisiwani Ukerewe. Ipondwe, itiwe kwenye mfuko usiovuja, izungushiwe kanga na kuwekwa juu ya goti dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa umeinuliwa. Maji yake yasifike kwenye kidonda.

Mkazi wa Ukerewe anayehitaji upasuaji mkubwa wa goti huvuka ziwa, mara nyingi kwenda Bugando jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Kurudi kwa meli ni muda wa saa tatu hivi, na katika muda huo unyayo uchezeshwe juu na chini kila mara ili damu isigande kwenye shavu la mguu. Kwa kuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo amebaki ng'ambo, sehemu kubwa ya kazi huangukia nyumbani.

Kunyoosha huja kwanza. Kanga iliyoviringishwa huwekwa chini ya kisigino, si chini ya goti. Mto chini ya goti unaburudisha, na ndiyo hatari yake: goti huzoea kujikunja, na mguu usionyooka huchechemea. Magongo yaachiwe nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja, na raba za chini zikaguliwe kabla ya kukanyaga sitaha ya meli iliyolowa.

Kuhusu vifaa vya dukani, tahadhari inafaa. Mwandishi wa makala haya, naye akiwa mgonjwa wa goti, aliuziwa na muuzaji mmoja wa Mwanza mkanda wa goti wenye vyuma pembeni, kwa bei ya kukatisha tamaa na kwa ahadi kwamba “utajenga misuli”. Hakuna mkanda unaojenga misuli. Daktari akiuagiza kulinda kano au gegedu lililoshonwa, uvaliwe. Muuzaji akiusifia, maneno yake ni ya biashara.

Kifaa kilicho bora zaidi kimejaa mitaa ya Nansio: baiskeli nzito ya mizigo, yenye stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Mjini Mwanza mgonjwa huketishwa kwenye baiskeli ya mazoezi. Kisiwani hii inatosha, kidonda kikishafunga na daktari akisharuhusu. Kwa goti lenye gegedu lililoshonwa au kifuu kilichofungwa waya, ruhusa hiyo huchelewa. Baiskeli isimamishwe kwenye sakafu ngumu, usukani ukiegemea ukuta, na mtu mmoja ashike nyuma. Ya kike hufaa zaidi, kwani haina bomba la juu la kuvushia mguu.

Hatua ni tatu. Ya kwanza, kiti kipandishwe juu kuliko kawaida, maana kadiri kilivyo juu ndivyo goti linavyojikunja kidogo. Ya pili, pedali isizungushwe. Ibembezwe mbele na nyuma mpaka goti ligome, isubiriwe kidogo, irudishwe. Mzunguko kamili hudai goti likunjike nyuzi 105 hadi 110 hivi, na mara nyingi hupatikana kwanza kwa kuzungusha kinyumenyume, ambako cheni haina mzigo. Siku ya mzunguko huo ilipofika, mwandishi alipiga kengele mfululizo hadi majirani wakatoka nje, na mmoja akauliza safari ni ya wapi. Bibi wa nyumba ya pili akaleta kigoda chake, akawa msimamizi: mguu mgonjwa ukizembea na mzima ukifanya kazi yote, alijua kwa kusikiliza mwendo wa cheni, akafoka. Alikuwa sahihi kila mara, na hakulipwa zaidi ya chai. Hatua ya tatu, kuongeza ugumu, nayo ilitokana na yeye: alifunga kipande cha mpira wa tairi la ndani kwenye mkono wa breki, akawa anaukaza kidogo kila goti lilipozoea. Mashine za hospitali hufanya hivyohivyo kwa kitufe.

Choo cha kuchuchumaa hudai zaidi ya baiskeli, nyuzi 130 na kuendelea, hivyo kiti kilichotobolewa na seremala hufaa kwa muda. Kwa goti la bandia huenda kikahitajika daima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mgonjwa hutangulia kushuka.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, mgonjwa aende hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikatika, ni dharura ya papo hapo.

Kuendesha baiskeli barabarani huja baadaye sana, kwa sababu kushuka ghafla humlazimu mtu kukanyaga kwa mguu wowote. Mpira wa miguu baada ya kuunganishwa kano ya mbele husubiri walau miezi 9, na kwanza paja la mguu uliopasuliwa likaribiane nguvu na la pili.