Boliti Ikikatika Ukifunga Redio Kwenye Trekta: Soma Kabla Hujamwita Mchomeleaji

Leo tuache kidogo mbegu na viwavijeshi. Mashine zinaandaliwa kwa ajili ya kulima, na kila msimu kama huu unapokaribia, vijana wanafunga redio na spika kwenye trekta. Mimi sina ugomvi na redio. Mtu anayelima peke yake tangu alfajiri anahitaji kitu cha kumchangamsha, na taarifa ya mvua ataipata humo humo. Shida yangu ni pale spika zinapofungwa, na kinachofanyika boliti ikikatika.

Trekta nyingi za kwetu hazina kabini. Zina kiti, usukani, na nyuma ya kiti lile bomba nene lililosimama kama goli. Wengine wanadhani ni la kuning'iniza galoni ya maji. Hiyo ni fremu ya kinga. Trekta ikipinduka, fremu ndiyo inayobeba uzito ili dereva asilaliwe na mashine, na mkanda wa kiti ndio unaombakiza ndani ya nafasi hiyo salama. Sasa fundi wa redio akitafuta pa kuweka spika, anaona pale panafaa sana. Analegeza boliti ya mguu wa fremu, au ile ya mkanda, ili abane bati lake hapo hapo. Boliti yenyewe imekaa miaka kwenye tope, mvua na vumbi la mbolea, na mbolea ya chumvichumvi inakula chuma vibaya. Haisogei. Anachomeka bomba refu kwenye spana ili kuongeza nguvu, anavuta, tak! Kichwa kinabaki kwenye spana, mwili umebaki ndani ya tundu.

Hapo simama kwanza, ujiulize ni boliti ya nini iliyokatika. Kama ni ya madigadi au ya bati la dashibodi, malizia siku yako ya kulima, utaishughulikia jioni. Kama ni ya fremu ya kinga, kiti, mkanda, usukani au breki, trekta isiingie shambani mpaka boliti irudi. Najua foleni ya wateja ni ndefu na mvua haisubiri mtu. Najua pia maneno ya "zimebaki tatu, zinatosha". Hazitoshi. Zile nne ziligawana mzigo, na trekta ikipinduka kwenye tuta au kingo ya mfereji, mzigo wote unakuja kwa mara moja.

Kuna trekta ya kikundi kimoja niliyoikagua, kwa macho ilikuwa kamili kabisa. Nilipogonga boliti za mguu wa fremu kwa nyundo ndogo, moja ikatoa sauti tofauti na wenzake. Kumbe kichwa kilikuwa kimechomelewa juu ya fremu na kupakwa rangi, chini yake hakuna kilichoshika! Dereva aliyekuwa anaitumia hakujua, maana ilifungwa kabla yake. Huo ndio ukarabati ninaouogopa kuliko boliti inayoonekana wazi kwamba haipo.

Namna ya kuitoa

Angalia upande wa pili kwanza. Kama boliti inapita moja kwa moja na ina nati nyuma, kazi ni nyepesi: shika mwili kwa koleo, fungua nati, ikikataa kata kwa msumeno wa chuma, kisha sukuma kwa nyundo.

Kazi ni pale inapoingia kwenye tundu lenye meno ndani ya chuma cha ekseli. Watu wengi hapa wanakimbilia drili wakati hawajaivua fremu. Fungua boliti zilizobaki, inueni fremu mkiwa wawili au watatu, maana ni nzito. Kama boliti ilikatikia shingoni, fremu ikitoka utakuta kisiki kimesimama nje kwa urefu sawa na unene wa ule mguu. Hapo una pa kushika. Piga brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kama WD-40, gonga kisiki juu kwa nyundo, usivunje, unakitikisa tu ili kutu ipasuke na mafuta yashuke. Kiache usiku mzima kama unaweza. Asubuhi shika kwa koleo la kujifunga, zungusha kidogo kufungua, rudisha kidogo kukaza, fungua tena. Kuvuta upande mmoja kwa hasira ndiko kulikokata kichwa jana.

Kikigoma, mwite mchomeleaji, lakini kwa kazi hii moja: kuweka nati mpya juu ya kisiki na kuichomelea kwa ndani ya tundu la nati. Unapata kichwa kipya cha kushika kwa spana, na joto lenyewe linaachanisha kutu. Kabla hajawasha, chomoa waya hasi wa betri ili usiunguze oltaneta, ondoa majani na nguo zenye dizeli, weka ndoo ya mchanga karibu. Kibano cha waya wa mashine yake kikae karibu kabisa na kisiki, kisikae upande wa pili wa trekta, la sivyo umeme utapita kwenye beringi. Acha nati ipoe kiasi ndipo ufungue.

Kama boliti imekatikia ndani ya tundu, hapo drili haikwepeki. Sawazisha uso kwa tupa, gonga alama katikati kabisa, anza na keekee ndogo ya milimita 3 au 4, mwendo wa polepole, tone la oili kila mara. Ukitoka katikati utakula meno ya tundu, na hapo umeongeza tatizo. Usizidishe kina, maana nyuma ya ukuta ule kunaweza kuwa na oili ya ekseli. Kile chuma cha mizunguko ya kushoto cha kung'olea boliti kinasaidia, ila ukisikia kinajipinda acha. Ni kigumu mno, kikikatikia ndani hakuna keekee ya kawaida itakayokitoboa. Kwa boliti ya milimita 12 yenye meno ya kawaida, fundi anaweza kupanua mpaka milimita 10.2 kisha akasafisha meno kwa tepu. Kama huna mkono uliozoea, mpelekee fundi mitambo.

Boliti mpya

Usinunue kwa kukadiria unene tu. Nenda dukani na kile kipande cha zamani, na usome namba juu ya kichwa. 8.8 au 10.9 ni kipimo cha nguvu ya chuma. Ya zamani ikiwa 10.9, usiweke 8.8, na boliti isiyo na alama yoyote usiisogeze kwenye fremu. Trekta za mtindo wa Kimarekani zina mistari badala ya namba: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Urefu na meno vilingane. Badilisha na zile nyingine za mguu huo, maana zimekula kutu ile ile. Kuhusu kukaza, fuata kipimo cha kitabu cha trekta, kwa spana ya kupimia nguvu. Kama kikundi hakina, karakana nyingi zinayo.

Na zile spika? Ziweke juu ya madigadi au kwenye bati la dashibodi, kwa boliti zake zenyewe. Fremu ya kinga haitobolewi na haichomelewi, hata tundu dogo la skrubu, kwa sababu tundu ndipo mpasuko unapoanzia. Waya hasi wa redio usiufunge kwenye boliti ya mkanda wala ya fremu. Tafuta sehemu nyingine ya bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ubane hapo. Ukibana juu ya rangi, spika zitalia mluzi unaopanda na injini. Waya chanya uwe na fyuzi karibu na betri. Sauti nayo iwe ya kiasi, msaidizi akipiga kelele nyuma ya jembe lazima umsikie.

Ukimaliza, lima kama saa kumi za kazi, kisha rudi na spana ukague boliti zote za fremu na za mkanda. Mpya hulegea kidogo zikishakaa sawa. Chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye fremu, ili kila asubuhi dereva aone kwa jicho moja kama imezunguka.