Ndoto Zetu na Jirani Zetu

Katika vikundi vyetu hapa Mkuyuni somo la ndoto halimpi mtu usingizi. Kila mmoja ana yake ya kusimulia.

Kwa Wasukuma, ndoto ni njia ya masamva, yaani wahenga. Babu akitokea usingizini akidai pombe, au jina lake apewe mtoto, ukoo hukaa na kujadili. Hapo hatuoni ubaya; tumewahi kuona ndugu waliogombana wakipatana kwa ajili ya kikao cha namna hiyo.

Shida huanza pale mtu anapomwota bibi jirani akimkaba, kisha akaenda kwa mpiga ramli kutafuta tafsiri. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, ambayo mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni tu. Tangu Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Huko kukabwa ni jinamizi: akili imeamka, misuli bado imelala. Huisha baada ya muda mfupi. Homa ya malaria nayo huleta ndoto za kutisha, kwa hiyo pima damu kwanza.

Swali la kikundi: Yusufu alipotafsiri ndoto za Farao, watu waliweka akiba ya nafaka. Ndoto ya mwisho iliyosimuliwa nyumbani kwako ilimletea nini jirani?